Binadamu ni jina la ukoo? Uaminifu kwa watu wote na uaminifu kwa watu wetu

Mkaa Kibarazani (mleta uzi)

Salaam wakuu. Bandiko ni refu, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilisimamishwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Abiria walijua kitakachofuata kabla hakijatamkwa: Waislamu huku, wasio Waislamu kule. Mwaka mmoja nyuma, katika kaunti hiyohiyo, watu 28 walitengwa namna hiyo kwenye basi lingine wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao Wakristo hijabu, na wenye bunduki wakaambiwa: mtuue sote au mtuache sote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016 baada ya wiki kadhaa za matibabu.

Kila kisa hiki kinaposimuliwa, watu hukifunga kwa neno moja: ubinadamu. "Waliweka ubinadamu mbele ya dini." Hapo ndipo ninapokwama. Salah Farah alihojiwa akiwa kitandani kabla hajafa. Aliwaomba Waislamu wenzake wawalinde Wakristo, ili nao Wakristo wawalinde wao. Hayo si maneno ya mtu aliyeivua dini yake barabarani akavaa kitu kikubwa zaidi. Ni Muislamu anayesema na Waislamu.

Basi swali langu: mtu anaweza kweli kuwa mwaminifu kwa wanadamu wote kabla ya taifa, kabila, dini, chama au ukoo wake? Kwa maneno tunaweza wote. Naulizia siku ile uaminifu mmoja unapoudai mwingine uvunjwe.

Miongoni mwa waliojitapa zamani kwa jambo hili ni Diogenes wa Sinope, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliulizwa katoka wapi, akajibu yeye ni raia wa ulimwengu. Jibu tamu, ila mtu huyu inasemekana alikuwa amefukuzwa kwao. Aliyepigwa marufuku nyumbani akiiita dunia nzima nyumbani, ametoa nini?

Ananivuta zaidi Hierocles, mwanafalsafa wa Kistoa wa karne ya 2. Yeye alimchora mtu katikati ya duara nyingi, moja ndani ya nyingine: nafsi yake, wazazi na ndugu, kisha ukoo, wenyeji, mji, nchi, na la nje kabisa ni wanadamu wote. Hakusema duara za ndani zifutwe. Alisema kazi ni kuzivuta za nje zisogee ndani, na akatoa ushauri mdogo wa kuanzia: binamu muite ndugu, ami muite baba, shangazi muite mama. Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kutabasamu hapo, maana somo hilo wengi tulizaliwa nalo.

Tena lugha yetu imekwenda mbali kumpita. Binadamu ni bin Adam, mwana wa Adamu. Neno tumelipata kwa Waarabu, sawa, lakini tulipotaka kumtaja mtu yeyote wa popote, tulichokishika ni jina la ukoo.

Msimamo wangu wa kuanzia: hakuna anayeruka kutoka kundini kwake akatua kwenye wanadamu wote. Anayefika huko hupitia mlango uliomo ndani ya kundi lake. Kama mlango haupo, hafiki. Nipingeni.

Nyundo ya Fundi

Mkuu umeandika vizuri ila umechagua kisa cha kutuliza roho. Ngoja nikupe cha kukunyima usingizi.

Novemba 1912 vyama vya kisoshalisti vilikutana Basel, Uswisi, hadi ndani ya kanisa kuu la mji, vikaahidi kuizuia vita ya Ulaya kwa kila njia. Mfanyakazi wa Ufaransa na wa Ujerumani ni ndugu, adui yao ni mmoja. Na hawa hawakuwa watu wa kubangaiza. Walikuwa na wanachama kwa mamilioni, magazeti, wabunge, mifuko ya fedha. Tarehe 31 Julai 1914 Jean Jaurès, sauti yao kubwa dhidi ya vita kule Ufaransa, akapigwa risasi Paris. Tarehe 4 Agosti wabunge wa SPD, chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, mjini Berlin wakapiga kura kuidhinisha fedha za vita. Wenzao wa Ufaransa nao wakasimama na serikali yao. Siku nne tu. Udugu wa miongo kadhaa, siku nne.

Utasema waliogopa. Haya, chukua mfano usio na hofu wala damu ndani yake.

Henri Tajfel alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland. Alinusurika vita ya pili akiwa mfungwa mikononi mwa Wajerumani, na aliporudi akakuta jamaa zake wengi wameuawa. Baadaye, akiwa Bristol, Uingereza, alitaka kujua ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwagawa watu. Akachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15. Akawaambia kuna wanaopenda michoro ya mchoraji Klee na kuna wanaopenda ya mchoraji mwingine, Kandinsky. Uongo mtupu, makundi yalipangwa kwa bahati nasibu. Hawakukutana, hawakujua nani mwenzao, na fedha walizokuwa wakigawa hazikuingia mfukoni mwa mgawaji. Wakapendelea "wenzao" hivyo hivyo.

Linalonisumbua ni hili: mara nyingi walikubali hata kundi lao lipate kidogo, bora tu lile jingine lipate kidogo zaidi. Mkuu, hapo hakuna ukoo, dini wala historia. Kuna michoro ambayo nusu yao hawakuwahi kuisikia. Sasa wewe unatafuta mlango ndani ya kundi. Mimi naona kundi lenyewe ni ukuta, na tunazaliwa tukiwa na matofali mkononi.

Mkia wa Mbuzi

Nimetandika mkeka. Endeleeni, mimi ni msomaji tu.

Muuguzi wa Zamu

Nyundo, hao wavulana wako ungewapa sare na kazi ungeona kingine.

Mimi nafanya kazi chumba cha dharura. Majeruhi wakija wengi kwa pamoja tunawapanga kwa rangi: nyekundu haraka, njano anaweza kusubiri, kijani anatembea. Kadi haina sehemu ya kuandika dini wala ametoka upande gani. Nimeshawahi kumshika mkono mtu aliyekuwa akitukana watu wa kwetu mpaka dawa ya usingizi ikamkamata. Nilimpenda? Hata kidogo. Nilikuwa nampima mapigo ya moyo.

Mnalijadili hili kama suala la moyo. Kwangu ni suala la utaratibu. Huyo Henry Dunant aliyeanzisha Msalaba Mwekundu alifika Solferino, Italia, Juni 1859, akakuta maelfu ya majeruhi wamelala bila wa kuwatazama. Wanawake wa Castiglione, mji wa jirani, waliwahudumia wote, wa jeshi hili na wa jeshi lile, wakisema "tutti fratelli", wote ni ndugu. Dunant hakuishia kuwasifu. Alirudi kwao akahangaika mpaka kikapatikana chama mwaka 1863 na mkataba wa Geneva mwaka 1864. Alijua huruma ya wale wanawake ingekwisha wiki ileile.

Na angalieni, hicho chama kina bendera, kina viapo, kina wanachama wanaojivuna kweli kweli. Ni kundi. Ila kundi hilo ukimpendelea wako umelisaliti.

Jiwe la Pembeni

Mimi sitazungumzia kama inawezekana. Nauliza kama inafaa.

Mozi wa China, karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha upendo usiobagua: baba wa mwenzako mtazame kama baba yako. Mencius aliyekuja baadaye akamjibu kwa ukali kwamba hiyo ni sawa na kutokuwa na baba. Watu humcheka Mencius siku hizi, mimi simcheki. Mtoto hahitaji mtu anayewapenda watoto wote kwa kipimo kimoja. Anahitaji mtu anayempenda yeye. Wazee hawakusema bure kuwa mkataa kwao ni mtumwa.

Na kuna ubaya mwingine ambao mnaupita kimya. Anayejiita msemaji wa wanadamu wote mchunguzeni mifuko. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili aliita mkutano Brussels, akakaribisha wanajiografia na wapelelezi wa mabara, akazungumza kuhusu kukomesha biashara ya watumwa na kuipelekea Afrika ya kati nuru. Kikaundwa chama cha kimataifa cha hisani. Miaka tisa baadaye Kongo ikawa mali yake binafsi, na hadi alipoikabidhi kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908 watu walikuwa wamekufa kwa mamilioni kwa ajili ya mpira na pembe. Mlango ulioingiza yote hayo uliandikwa "kwa faida ya wanadamu".

Anayenipendelea ndugu yangu namwelewa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anayenipenda kwa niaba ya dunia nzima ndiye ninayemwogopa.

Mkaa Kibarazani (mleta uzi)

Nimerudi. Jiwe, la Leopold limenigonga, sitajaribu kulikwepa. Naongeza tu kwamba waliomfichua nao walisema kwa jina lilelile la wanadamu. Neno moja, wezi wawili tofauti... hapana, nimekosea, mwizi mmoja na mwenye mali mmoja.

Nyundo, kuhusu 1914. Desemba 2 mwaka huohuo, fedha za vita ziliporudi bungeni Berlin, mtu mmoja alisimama akapinga, Karl Liebknecht. Mmoja katika bunge zima. Unaweza kusema hilo linakuunga wewe mkono, na sitabisha. Mimi linanifundisha kitu kingine: miezi minne kabla, naye alipiga kura ya ndiyo pamoja na chama chake, kwa nidhamu ya chama. Kundi lake la kimataifa ndilo lililomfunga mdomo mara ya kwanza!

Turudi kwenye mlango. Chukueni Le Chambon-sur-Lignon, Ufaransa, wakati wa utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani katika vita ya pili. Kijiji na vitongoji vyake vilificha maelfu ya watu, wengi wao Wayahudi. Mchungaji wao, André Trocmé, alipotakiwa awataje Wayahudi waliopo, alijibu kwamba wao hawajui Myahudi ni nini, wanajua watu tu. Ukiishia hapo unapata kile kisa cha ubinadamu kuishinda dini. Lakini waulizeni ni akina nani hawa. Ni Waprotestanti, wajukuu wa Wahuguenoti, waliowindwa na wafalme wa Ufaransa kwa vizazi. Walikuwa na nyimbo za hilo, na kumbukumbu za mababu waliofichwa na waliofungwa. Mgeni aliyekuja kubisha hodi usiku hakuwa mgeni kabisa. Walikuwa wamesimuliwa habari zake tangu utotoni. Kundi lilelile lililojifungia milimani kwa karne kadhaa ndilo lililojua kufungua.

Kingine. Nyange, Rwanda, Machi 1997. Wanafunzi wa sekondari walivamiwa usiku, wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa, na baadhi yao wakauawa. Walisemaje? Hawakusema sisi ni wanadamu. Walisema sisi sote ni Wanyarwanda. Duara lililowatosha kufia lilikuwa la taifa, si la dunia, na lilitosha kwa usiku ule kwa sababu lilikuwa pana kuliko kisu kilichotaka kuwagawa.

Na hapa kwetu kwenye lugha, wazee mtakumbuka ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Nimekuwa nikiitafakari wiki nzima. Ni ahadi ya mwanachama. Unaitamka ukiwa na kadi mkononi, ndani ya chama, ambacho wengine hawamo. Na unatoka kwenye binadamu wote, unasogea Afrika, ndani ya sentensi moja. Hierocles angesimama akapiga makofi.

Karatasi Mkononi

Kuna upande wa hadithi hii ambao hamjaugusa, nao ni wa makaratasi.

Garry Davis alikuwa rubani wa Marekani wa ndege za mabomu katika vita ya pili. Alidondosha mabomu juu ya Brandenburg, na kaka yake aliuawa vitani Italia. Mei 1948 aliingia ubalozi wa nchi yake Paris akaukana uraia, akajitangaza raia wa dunia. Novemba mwaka huo akakatiza kikao cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, palepale Paris, kudai serikali moja ya dunia. Walinzi wakamtoa. Tarehe 10 Desemba baraza hilohilo likapitisha Tamko la Haki za Binadamu kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikajizuia.

Basi mmoja alikuwa binadamu mtupu bila nchi, na wengine wakatangaza haki za binadamu mtupu. Mngetarajia wakutane katikati. Davis aliishia kuzungushwa mipakani na kuwekwa ndani mara nyingi maisha yake yote, maana hata mlinzi wa mpaka aliyelisoma Tamko anauliza pasipoti. Mwanafalsafa Hannah Arendt, ambaye naye aliishi miaka mingi bila uraia, aliliona hilo mapema: mtu akibaki na ubinadamu wake peke yake, bila kundi la kumdai, haki hizo hazipati pa kushikia.

Kwa hiyo Mkaa, ule mlango wako unapaswa kuwa na upande wa pili pia. Wewe unaongelea anayetoka. Mimi nasema habari ya anayebisha.

Mwanagenzi

Swali la mgeni: mbona ndui haijatajwa? Inakadiriwa kuwa iliua watu milioni 300 katika karne ya 20 peke yake. Mwaka 1958 ni Msovieti, Viktor Zhdanov, aliyeliambia Shirika la Afya Duniani kuwa ugonjwa huu unaweza kufutwa kabisa. Kampeni kubwa ya kuanzia 1967 ikaongozwa na Mmarekani, D. A. Henderson. Wakati huohuo nchi zao zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia. Muungano wa Sovieti ulitoa chanjo, Marekani ikatoa wataalamu na fedha, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kiasili alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Akapona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuhamasisha chanjo ya polio, akiwaeleza wazazi kisa chake mwenyewe, na alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Hakuna aliyemtaka Mmarekani aache kuwa Mmarekani.

Nyundo ya Fundi

Mwanagenzi karibu. Ndui ni kweli na ni kubwa. Ila virusi vya ndui havikuwa na upande wa kuvitetea, na kila aliyeviondoa kwa jirani alijikinga mwenyewe. Njoo 2021. Chanjo za korona zimepatikana kwa kasi ya ajabu, kuna mpango wa COVAX wa kugawana, hotuba za mshikamano kila siku. Nchi tajiri zikaweka oda za kuchanja watu wao zaidi ya mara moja, na mwaka ulipokwisha, katika nchi za kipato cha chini hata mtu mmoja kati ya kumi hakuwa amepata dozi ya kwanza. Mzigo ulipokuwa wa kutosha tulikuwa wanadamu. Ulipopungua tukawa mataifa.

Na usiniambie ni ubaya wa viongozi. Kiongozi ambaye angepeleka dozi nje kabla bibi yake mpiga kura hajachanjwa asingemaliza mwezi.

Mkaa Kibarazani (mleta uzi)

Hapo sina jibu la kukuridhisha, na nimeanza kuona swali langu la mwanzo lilikaa vibaya. Nilikuwa nikiuliza nani atangulie: wangu au wote. Kwa kugawa dozi, chakula, nafasi ya shule, muda wa jioni, wangu watatangulia karibu daima, na Jiwe ana haki ya kusema si dhambi. Hata Trocmé alilisha watoto wake kwanza, nadhani.

Lakini kwenye basi la Mandera hapakuwa na kitu cha kugawa. Waliombwa jambo moja: wasogee pembeni. Le Chambon waliombwa majina. Nyange waliombwa wajitenge. Uaminifu kwa watu wote, pale nilipouona ukifanya kazi, haukuwa kumpenda wa mbali kama wa karibu. Ulikuwa kukataa kufanya kitu fulani hata wenzako wakikudai ukifanye, na wote hao walikataa wakiwa pamoja. Liebknecht peke yake ndiye aliyekataa akiwa mmoja, na ilimchukua miezi minne.

Sijui kama hilo ni dogo kuliko nililokuwa nikilitafuta au ni kubwa.

Jiwe la Pembeni

Ni dogo. Ndiyo maana nalikubali.

Nyundo ya Fundi

Muuguzi, kabla uzi haujapoa. Ile kadi yako ya rangi. Wameletwa wawili, wote nyekundu, mkono wa bure ni wako peke yako, na mmoja ni mdogo wako wa tumbo moja. Utaratibu unasemaje?

Muuguzi wa Zamu

Utaratibu unasema ndugu yako humshiki. Unampisha mwenzako, wewe unamchukua yule mwingine.

Ilishanitokea. Nilimchukua yule mwingine, nikafanya kila kitu sawasawa, na mpaka leo jina lake silikumbuka. Nakumbuka nilikuwa nageuka kila baada ya sekunde chache kuangalia kitanda cha pili, na mwenzangu akaniambia bila kuinua kichwa: tazama wako.